Akiinama kusali anasifiwa, akiinama kuokota masazo anaogopwa

Fungua picha ya mchoraji Mfaransa Jean-François Millet inayoitwa Des glaneuses, ile ya wanawake watatu wanaookota masuke shambani, halafu usiwaangalie wao kwanza. Ivute, nenda juu kulia mpaka picha ianze kupasuka kwenye kioo cha simu, utaona kijitu kimoja kimepanda farasi. Huyo ndo msimamizi. Pale karibu yake kuna malundo ya ngano makubwa kama nyumba, kuna mkokoteni unapakiwa, vibarua wamejaa kama siafu, yaani mavuno yamekubali haswa, mwenye shamba mwaka huo hana cha kulalamika. Sasa rudi chini kwa akina mama. Wawili wameinama mpaka mgongo umelala kama meza, mmoja kajifunga kitambaa cha bluu kichwani na mwenzake chekundu, wa tatu yupo nusunusu, na kinachokusanywa hapo ni masuke yaliyodondoka, moja moja, yale ambayo wavunaji waliona hayafai hata kurudi kuyaokota.

Hakuna anayepiga kelele humo. Hakuna bendera, hakuna ngumi hewani. Lakini ilipotundikwa Paris mwaka 1857 kwenye yale maonyesho makubwa ya Salon (siyo saluni ya kunyolea jamani, pale ndo mchoraji alikuwa anatoka au anazama), waandishi wakapata homa. Jean Rousseau wa gazeti la Le Figaro akaandika kwamba nyuma ya wale wanawake watatu anaiona mikuki ya maasi na majukwaa ya kukatia watu vichwa ya mwaka 93, yaani 1793, enzi za gilotini. Mwenzake Paul de Saint-Victor akawafananisha na wale miungu wa kike watatu wa hadithi za kale wanaokata uzi wa maisha ya watu, ila hawa eti ni wa ufukara. Mama wa watu kainama kutafuta mkate wa wanawe, wewe unamwona na gilotini!

Miaka miwili baadaye, 1859, Millet huyohuyo akamaliza picha nyingine, uwanda uleule wa kando ya kijiji cha Barbizon, maskini walewale, na wao wameinama pia ila safari hii wameinamisha vichwa tu. Hiyo ndo L'Angélus, jina la sala ya Malaika wa Bwana. Mwanamume kavua kofia, mwanamke kakutanisha mikono kifuani, kengele ya kanisa imelia jioni na wao wamesimama katikati ya viazi wanasali. Hii nayo ikaja kupendwa kuliko karibu picha yoyote ya Ufaransa ya karne ile, ikachapishwa kwenye kalenda, kwenye sahani, ikatundikwa kwenye kuta za watu ambao hawajawahi kushika jembe wala hawataki kulishika.

Mimi nikiziweka hizi mbili pamoja naona jambo moja ambalo watu wa sanaa huwa wanalipita juujuu. Tumezoea kusema kuna picha za wakulima za kisiasa na kuna picha za wakulima za ibada, kwamba mchoraji Gustave Courbet, yule wa siasa, yupo upande huu na mapadri wapo upande ule. Sio kweli. Kwa Ufaransa ya wakati ule sala ndo ilikuwa kibali cha siasa, ndo kitu kilichomruhusu maskini aonekane mkubwa kwenye turubai bila mwenye nyumba kuogopa. Ukiondoa sala, mgongo uleule unakuwa tishio.

Kuelewa hilo inabidi turudi nyuma kidogo, Februari 1848. Mfalme kaangushwa, na ghafla kila mwanamume mtu mzima anapiga kura. Kabla ya hapo wapiga kura nchi nzima walikuwa kama laki mbili na nusu, watu wa mali tu, sasa wakawa zaidi ya milioni 9 na wengi wao ni wa vijijini. Hebu fikiria wewe ni tajiri wa Paris, jana yule mtu wa shamba ulikuwa unamkumbuka siku ya kodi ya shamba, leo kura yake na yako zina uzito mmoja. Juni mwaka huohuo wafanyakazi wa Paris wakainuka, wakapigwa risasi mpaka wakanyamaza. Desemba wanavijiji wakamchagua Louis-Napoléon, mpwa wa Napoleon, kwa kura kama milioni 5 na nusu, matajiri wakashusha pumzi wakasema kumbe hawa watu wa mashambani ndo watatuokoa. Halafu Desemba 1851 yule bwana alipopindua jamhuri yake mwenyewe, vijiji vya kusini kama Var na Basses-Alpes vikachukua silaha kuitetea. Mwaka uliofuata akawa mfalme mkuu, Napoleon III.

Kwa hiyo mkulima kwa macho ya mtu wa mjini alikuwa vitu viwili kwa mpigo, mwokozi na jinamizi, na hakuna aliyejua kesho ataamka na kipi.

Dawa iliyopatikana ilikuwa padri. Hilo sio mimi nalisema kwa chuki, waliliongea wenyewe wazi. Adolphe Thiers, mwanasiasa ambaye kwa kweli hakuwa mtu wa kanisani, mwaka 1849 alisema anataka padri awe na nguvu kubwa shuleni kwa sababu padri anafundisha kwamba mwanadamu yupo duniani kuteseka, siyo zile falsafa nyingine zinazomwambia ajifurahishe. Umeelewa hapo? Yeye mwenyewe hana haja na ile imani, anawatakia wengine. Machi 1850 ikapitishwa sheria ya Falloux iliyolipa kanisa nafasi pana kwenye elimu, na baada ya mapinduzi ya 1851, tarehe 1 Januari 1852, Te Deum ikaimbwa Notre-Dame kumshukuru Mungu kwa yaliyotokea. Dili limefungwa.

Sasa rudi kwenye picha ukiwa na hilo kichwani.

Kuokota masazo ilikuwa haki ya zamani sana Ufaransa, na chanzo chake kinajulikana na kila aliyesoma Biblia, Walawi sura ya 19, ukivuna usisafishe pembe za shamba wala usirudi kuokota masazo, waachie maskini na mgeni. Sheria za Ufaransa zikaiwekea mipaka, ilikuwa faini kuingia kwenye shamba ambalo halijamalizwa kuvunwa, au kuokota kabla jua halijachomoza au baada ya kuzama. Kwa hiyo wale wanawake watatu wanafanya kitu ambacho ni cha kisheria na cha kimaandiko kwa pamoja, na bado wanatisha.

Na Millet alikuwa ameshaijaribu habari hii kabla. Kwenye Salon ya 1853 alipeleka picha ya wavunaji wamepumzika wanakula, na mwanzoni kabisa aliifikiria kama Ruthu na Boazi wa kwenye Biblia, yule mwokota masazo maskini na mwenye shamba, ingawa kwenye maonyesho aliitundika kama mlo wa wavunaji tu. Ila hadithi bado ipo pale, mwenye shamba anamleta mwanamke maskini mwenye mzigo wake wa masuke, anamtambulisha kwa wanaokula kana kwamba anasema sogeeni, mpeni nafasi. Picha hiyo ikapata medali ya daraja la pili, hakuna aliyetaja gilotini. Linganisha basi na ya 1857. Ruthu amekuwa watatu, hana jina, na Boazi je? Boazi kapanda farasi yupo kule nyuma kabisa, hata sura haionekani. Mimi naamini hicho ndo kilichowachoma wakosoaji, walizoea umaskini na waliweza kuuvumilia, ila hapa yule tajiri mwema wa kwenye Biblia hayupo tena eneo la tukio. Maandiko yamebaki na maskini peke yao.

Wakati huohuo, Salon hiyohiyo ya 1857, kulikuwa na kijana wa Courrières kule Artois, Jules Breton, umri wake 30, kaleta turubai la zaidi ya mita tatu linaitwa La Bénédiction des blés en Artois. Maandamano ya Ekaristi yanakatiza kwenye mashamba ya ngano, padri yupo chini ya kitambaa kilichobebwa kwa miti, wasichana wamevaa nyeupe, na pembeni wakulima wamepiga magoti kwenye vumbi. Jua linawaka, ngano imesimama, kila mtu yupo mahali pake. Breton akapata medali na serikali ikainunua. Miaka miwili baadaye akaleta waokota masazo wake yeye, Le Rappel des glaneuses, jua linazama na mlinzi wa mashamba anapiga kelele muda umeisha, wanawake wanarudi nyumbani wamesimama wima na miganda kichwani kama masista wanatoka kanisani. Ikaingia kwenye mikono ya familia ya kifalme, ikapelekwa kwenye jumba la Saint-Cloud.

Nataka nimtendee haki Breton maana watu siku hizi wanamdharau kirahisi. Alizaliwa kijijini, aliwajua watu wale kwa majina, na ule mwanga wake wa jioni sio wa kufeki. Baba yake alikuwa meneja wa mashamba ya kabaila, kwa hiyo yule mlinzi anayeita kwenye picha kwake sio adui, ni mtu wa nyumbani. Ila angalia kwamba Breton naye kaweka polisi kwenye picha, tena mbele kabisa kuliko Millet, na hakuna aliyeshtuka. Kwa nini? Kwa sababu wanawake wake wanaondoka walipoambiwa waondoke. Wa Millet wanaendelea.

Halafu kuna hii habari ya viazi ambayo kila nikiifuata inanirudisha palepale. Septemba 1846, mlimani La Salette, watoto wawili wachunga ng'ombe, Mélanie wa miaka 14 na Maximin wa 11, wakasema wamemwona Mama Maria analia. Na aliwaambia nini? Aliongea habari za watu kufanya kazi Jumapili na waendesha mikokoteni kutukana jina la Mwanawe, na akaongea habari za viazi kuoza, kwamba mwaka jana niliwaonyesha kwa viazi na hamkujali. Ule ulikuwa wakati wa ugonjwa wa viazi ulioharibu mazao Ulaya, ule uliowaua Waairishi kwa njaa. Yaani mbingu zilishuka kuongea na watoto wa maskini na zikaongea viazi! Mimi huwa naona ni moja ya habari za kweli kabisa za dini ya wakulima, haina falsafa ndani yake, ina chakula. Miaka sita baadaye, 1852, Karl Marx naye akiwachambua wakulima wa Ufaransa waliomchagua Louis-Napoléon akasema wapo kama viazi kwenye gunia, wengi lakini hawashikamani, ukivijumlisha unapata gunia la viazi tu. Na hapo katikati ya miguu ya wale wawili wa L'Angélus kuna nini? Kikapu cha viazi. Nyuma ya mwanamke kuna toroli lenye magunia. Sisemi Millet alimsoma Marx, nasema tu kiazi kilikuwa ndo lugha ya wakati ule, Mama wa Mungu na mkomunisti wote walikitumia.

Na wakati Millet anaichora picha hiyo, 1858, huko Lourdes binti wa msaga nafaka aliyefilisika, Bernadette Soubirous, miaka 14, anaona maono pangoni. Serikali kwanza ikaziba pango kwa mbao. Baadaye ikafunguliwa kwa amri ya mfalme mwenyewe. Angalia hapo jinsi watawala walivyokuwa hawajiamini na ibada ya watu wadogo, wanaitaka ikiwa imetulia ndani ya maandamano ya padri kama ya Breton, lakini ikizuka yenyewe pangoni bila ruhusa wanaita polisi.

Tuje sasa kwenye L'Angélus yenyewe, na tuiangalie kwa karibu maana imetumika sana mpaka watu hawaioni tena. Ni ndogo, sentimita 55 na nusu kwa 66, haizidi sana ukubwa wa televisheni ya chumbani. Kushoto mwanamume kashika kofia kwa mikono miwili, anaizungusha au kaishika tu, haijulikani, ni ile namna ya mtu asiyejua mikono aiweke wapi. Uma wa kuchimbia umechomekwa kwenye udongo pembeni yake. Mwanamke kulia kainama zaidi, aproni yake ya bluu. Nyuso zao zipo gizani, hatusomi chochote. Mbali kabisa kwenye mstari wa mbingu na ardhi kuna mnara wa kanisa la Chailly, mdogo kama sindano. Na kitu ambacho sikukigundua mpaka nilipoziweka picha mbili pamoja ni huo mstari. Kwenye picha ya masazo wale wawili walioinama wamebaki chini yake, ardhi imewameza. Kwenye L'Angélus vichwa na mabega yamevuka, yapo mbinguni. Mtu anayesali karuhusiwa kutoboa.

Sala yenyewe wengi wetu tunaijua, "Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria", asubuhi, adhuhuri, jioni. Huku kwetu iliingia na hao hao Wafaransa, mapadri wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, miaka tisa tu baada ya Millet kuweka brashi chini. Kwa hiyo Mkatoliki wa Morogoro au Moshi akiitazama picha ile haangalii kitu cha kigeni, anaisikia kabisa kengele, na anajua kwamba ukiwa shambani saa hiyo sala ni sala ila vilevile ni dakika mbili za kunyoosha mgongo.

Hiyo ya mgongo Millet aliijua. Mwaka 1865 alieleza picha ilivyomjia, kwamba alimkumbuka bibi yake, kila waliposikia kengele wakiwa shambani bibi alikuwa hakosi kuwasimamisha wasali kwa ajili ya marehemu maskini. Bibi huyo, Louise Jumelin, ndo aliyemlea kule Gruchy, kitongoji cha pwani ya Normandy, alikuwa mtu wa sala kwelikweli. Alikufa 1851, mama yake Millet akafuata 1853, na Millet hakuwepo kumzika hata mmoja kwa sababu hakuwa na uwezo wa kusafiri. Mimi nikilijua hilo siwezi kuiona L'Angélus kama tangazo la parokia. Ni mtu ambaye hakuhudhuria msiba anajaribu kuhudhuria kwa kuchora.

Na mchoraji mwenyewe kanisani alikuwa haonekani sana. Aliishi na Catherine Lemaire miaka na miaka, wakafunga ndoa ya serikali 1853, watoto tisa, na ndoa ya kanisani ilikuja kufungwa Januari 1875 mgonjwa akiwa kitandani, wiki chache kabla ya kufa. Mchoraji wa picha inayopendwa kuliko zote na mapadri wa Ufaransa alikuwa kwa hesabu za parokia mtu asiyestahili komunyo! Biblia alikuwa anaisoma sana lakini, hilo linajulikana, ila aliisoma kama mkulima anavyosoma, anatafuta humo watu wanaovuja jasho.

Siasa nazo hivyohivyo. Mwaka 1851 alimwandikia rafiki yake Alfred Sensier kwamba hata kama ataonekana msoshalisti, upande wa kibinadamu ndo unaomgusa zaidi kwenye sanaa. Alipotoa L'homme à la houe kwenye Salon ya 1863, yule mkulima kajiegemeza kwenye jembe mdomo wazi hana hali, wakosoaji wakamrukia tena, na yeye akakana kabisa kwamba anachochea watu. Mwaka 1871 wasanii wa Commune ya Paris, ile serikali ya waasi wa mji, walimweka kwenye orodha ya shirikisho lao, akakataa hadharani. Watu wanasema basi alikuwa mwoga, au mhafidhina. Mimi naona aliona mbali, alijua kila upande unataka kumtumia yule mkulima wake.

Mshairi Charles Baudelaire ndo aliyemchokonoa vibaya zaidi. Kwenye uchambuzi wake wa Salon ya 1859 alilalamika kwamba wakulima wa Millet wanajiona sana, hata wakivuna tu wanakuwa kama wanafanya upadri, kama wanakwambia sisi ndo tulionyang'anywa lakini sisi ndo tunaoirutubisha dunia. Ni dongo, ila kwa maoni yangu ndo maelezo sahihi kuliko yote yaliyowahi kuandikwa, aliona kabisa kwamba Millet amechukua heshima ya altare akaihamishia kwenye jembe, yeye tu hakupenda. Camille Pissarro naye, ambaye alichora wakulima maisha yake yote na alikuwa na asili ya Kiyahudi, alichoka kulinganishwa naye akasema Millet ni wa kibiblia, mimi Mwebrania sina hayo. Nacheka kila nikiikumbuka.

Courbet je? Kuna watu watasema mbona humuongelei, yeye ndo siasa yenyewe. Haya. Un enterrement à Ornans, yaani mazishi kule Ornans, Salon ya 1850 na 51, mita zaidi ya 6 na nusu kwa urefu, watu zaidi ya 40 wa saizi halisi, na ukubwa huo ulikuwa wa vita vya wafalme na mitume, sio wa mazishi ya kijijini. Shimo lipo pale chini katikati, limekatwa na ukingo wa picha kana kwamba wewe unayeangalia ukisogea hatua moja unadumbukia. Mchimba kaburi kapiga goti anasubiri. Padri anasoma kitabu chake. Walinzi wa kanisa wawili wamevaa majoho mekundu na pua zao nyekundu vilevile. Kijana wa altare anaangalia juu pembeni, mbwa anaangalia kwingine, wanawake wamelia. Na wapo wazee wawili wamevaa nguo za enzi za mapinduzi ya 1793, soksi ndefu na suruali za magotini, wamesimama ukingoni mwa shimo. Msalaba umenyanyuliwa juu ya mstari wa majabali, ila mbingu hazijafunguka, hakuna malaika anayeshuka, hakuna hata wawili wanaoangalia sehemu moja.

Watu waliona ni dhihaka kwa dini. Sidhani. Mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye mazishi anajua ndivyo yalivyo, mmoja analia, mwingine anawaza pilau, katekista anatafuta ukurasa. Kilichowaudhi ni kwamba imani pale ni shughuli ya jamii, inawakusanya watu bila kuwainamisha. Watu wa Ornans wamesimama! Courbet baadaye ndo alikosea, 1863 akachora mapadri wamelewa wanatoka mkutanoni, mmoja kabebwa na punda, wakaikataa mpaka kwenye yale maonyesho ya picha zilizokataliwa na Salon, na mwishowe Mkatoliki mmoja akainunua ili aiharibu. Vichekesho vile vilikuwa rahisi. Mazishi yalikuwa magumu, ndo maana yamebaki.

Na ujanja wa mambo haya unaonekana zaidi Jamhuri ya Tatu ilipoingia, baada ya Napoleon III kuanguka. Sasa walio madarakani ni watu wasiotaka padri kwenye siasa. Machi 1882 mafundisho ya dini yakatolewa kwenye shule za serikali. Sheria ya manispaa ya 1884 ikafika mpaka kwenye kengele, ikaamua mnara uwe na funguo mbili, moja akae nayo padri na nyingine meya, maana vijijini walikuwa wanagombana nani aigonge, lini na kwa sababu gani. Kwa hiyo ile kengele ya kwenye L'Angélus ambayo tunadhani inalia kutoka mbinguni ilikuwa na kesi zake za ofisini.

Na jamhuri hiyohiyo ya funguo mbili, Julai 1889, miaka mia ya mapinduzi, mnara wa Eiffel umetoka kufunguliwa, ndo iliyotaka kuinunua sala. Picha ilikuwa ya Eugène Secrétan, tajiri wa shaba aliyejaribu kuihodhi biashara ya shaba ya dunia, mpango ukabuma, mali zikapigwa mnada. Antonin Proust, aliyewahi kuwa waziri wa sanaa, akapandishiana na Wamarekani mpaka faranga 553,000. Millet alikuwa ameiuza kwa 1,000 mwaka 1860, tena baada ya Mmarekani wa Boston aliyeiagiza mwanzo, Thomas Gold Appleton, kutokuja kuichukua. Bunge halikutoa hela, picha ikaenda Marekani kuzungushwa miji kwa miji watu wakilipa kiingilio, mpaka 1890 Alfred Chauchard, mmoja wa waanzilishi wa duka kubwa la Grands Magasins du Louvre, alipoirudisha kwa bei ya juu zaidi. Alipokufa 1909 ikawa ya taifa.

Mwaka huohuo wa 1889 wale waokota masazo nao waliuzwa. Aliyewanunua ni Madame Pommery wa ile kampuni ya shampeni, kwa faranga 300,000, na alipokufa mwaka uliofuata wakaenda makumbusho ya taifa. Kwa hiyo sokoni sala iliyazidi masazo kwa faranga 253,000. Leo picha zote mbili zipo makumbusho ya Musée d'Orsay, Paris.

Catherine, mjane wa Millet, alikuwa hai kipindi cha mnada ule na hakupata hata senti kwenye zile laki tano na ushee, kwa sababu sheria haikumtambua. Waliokuja kupigania wachoraji na warithi wao wapate fungu kila picha inapouzwa tena walikuwa wanautaja sana mfano wa L'Angélus. Sheria ikapita Mei 1920. Catherine alishakufa tangu 1894.